Afisa wa Kigoda

Ukifika Muleba ukaulizia afisa kazi, watu watakuuliza kwanza, "Yule wa kigoda?" Ukisema ndiye, watakuonyesha kwa mkono njia aliyopita, na hakosi mmoja wa kukuongezea kwamba pikipiki yake ni nyekundu, kwamba kigoda amekifunga nyuma kwa mpira wa tairi la baiskeli, na kwamba akishuka huanza kukifungua hicho kabla hata ya kuvua helmeti. Wanalisema hilo kama watu wanaosifu ng'ombe wao.

Jina lake ni Felicitas Byabato. Kwao ni Kagondo, nyumba ya tatu ukitoka kanisani kwa Walutheri, ile ambayo migomba yake imeinamia uzio mpaka wapita njia wanainama nao. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano. Mama yake, Kokugonza, alichambua kahawa kiwandani miaka ishirini na miwili, na kwa mikono hiyo akamsomesha mpaka chuo. Siku hizi Kokugonza haoni vizuri kwa jicho la kushoto, lakini ukimwekea kahawa kwenye ungo ataitoa mbovu kwa vidole tu, huku anakutazama wewe usoni na kukuuliza watoto wanaendeleaje.

Miaka minne ya kwanza ya kazi yake Felicitas hakuwa na kigoda. Alikagua akiwa amesimama, viatu vimefungwa vizuri, fomu mkononi. Habari hii ni ya jinsi alivyokuja kuketi.

Ilianzia kwenye uwazi wa bati.

Ulikuwa mwezi wa tano, kahawa imeanza kuingia viwandani na barabara zimejaa malori. Maafisa kazi ofisini kwao Bukoba walikuwa wawili tu, yeye na mkuu wake, Bwana Rutaihwa, mtu mnene wa utani mwingi aliyekuwa amebakiza miezi kumi kustaafu. Miaka yote walikuwa wanakwenda kukagua kwa kuomba lifti, mara kwenye gari la shule, mara kwenye lori la mbao. Mwaka ule wizara ikaamua kuimarisha ukaguzi. Wakaletewa pikipiki mbili, kompyuta moja, na fomu mpya.

Fomu ndiyo iliyomkosesha Rutaihwa raha. Ya zamani ilikuwa na mistari minne na nafasi ya maoni. Hii ilikuwa na kurasa sita: wanawake wangapi, wanaume wangapi, wangapi wana mikataba, wangapi wameumia kazini, wangapi wananyonyesha na wanapewa muda gani. Kila robo mwaka iwe imefika Dodoma, nao Dodoma waziweke pamoja za nchi nzima na kuzitoa, wenye kusoma wasome.

"Zamani tuliandika 'hali ni shwari' tukaenda kula," Rutaihwa alinung'unika akipekua zile kurasa. "Sasa hawataki shwari, wanataka idadi. Shwari ngapi, Feli? Niandike shwari kumi na mbili?"

Felicitas alicheka, akachukua helmeti, akaondoka kwenda Muleba. Ilikuwa Jumanne. Taarifa ilitakiwa Ijumaa.

Alikuwa na shule moja ya kukagua, akaimaliza mapema. Wakati wa kurudi malori yalikuwa yameziba barabara mbele ya kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, nje kidogo ya mji, basi akapita njia ya nyuma, kando ya uzio wa mabati. Kiwanda chenyewe alikuwa anakifahamu. Alishakikagua mara tatu. Njia ya nyuma ndiyo hakuwahi kuipita.

Akamwona mwanamke mtu mzima amepiga magoti kwenye nyasi, amempakata mtoto mchanga, uso wa mtoto umeelekea kwenye bati. Felicitas alidhani mtoto anatapika. Akapunguza mwendo. Alipokaribia akaona kwamba mabati mawili hayakukutana vizuri, pamebaki uwazi wa upana wa kiganja, na katika uwazi ule, kutoka upande wa ndani, lilikuwepo ziwa la mama. Mtoto alikuwa ananyonya. Mkono wake mdogo ulishika ukingo wa bati kama vile watoto wote wanavyoshika nguo ya mama wakinyonya.

Felicitas alizima pikipiki. Kitu kilichomkaa moyoni hakikuwa ziwa, wala mtoto. Ule ukingo wa bati ulikuwa umeviringishwa kitambaa cha kitenge ili usimkate mtoto, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimechakaa. Kimechakaa na kupauka kwa jua na mvua. Hakikuwekwa jana.

"Pita tu waitu," yule mwanamke alimwambia kwa heshima ya Kihaya, akidhani ni msafiri. "Anamaliza sasa hivi."

"Ni mjukuu wako, mama?"

"Wa mwanangu. Anaitwa Lilian. Ana miezi mitano." Alimfuta mtoto jasho kwa ncha ya kanga. "Mama yake yuko kazini. Geti likifungwa saa moja asubuhi halifunguliwi mpaka jioni. Ukitoka, umetoka."

Ndani mtu aliita jina. Ziwa likavutwa haraka, mtoto akabaki mdomo wazi, na matone mawili matatu ya maziwa yakateremka kwenye bati. Mtoto akalia. Bibi yake akainuka na kuanza kutembea naye kwenye nyasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mahali alipokuwa anatembea palikuwa na kinjia.

Felicitas aligeuza pikipiki, akaingia kwa geti la mbele.

Meneja wa kiwanda alikuwa Bwana Mutembei, mtu msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyewahi kumwalika kwenye harusi ya binti yake. Alimpokea vizuri. Felicitas akamwomba abaki ofisini kwake, maana sheria inataka wafanyakazi wahojiwe bila mwajiri kusikiliza. Mutembei akabaki bila ubishi. Wachambuaji wakaitwa, wanawake sitini na wanne wa gauni za kazi za bluu, wakajipanga mbele ya ghala. Felicitas akasimama mbele yao. Akajitambulisha. Akawaeleza haki zao vizuri sana, akataja na vifungu.

"Sasa," akasema, "nani ana malalamiko?"

"Hatuna, afisa," walijibu kwa pamoja.

Alitembeza macho mpaka akamwona aliyekuwa anamtafuta, msichana mwembamba wa mstari wa pili, kifua cha gauni kimelowa sehemu mbili za mviringo. Aliitwa Vestina.

"Wewe dada je? Unapata muda wa kunyonyesha?"

Vestina alimtazama moja kwa moja machoni. "Mimi sina tatizo, afisa. Tunafanya kazi vizuri."

Wenzake wakampigia makofi afisa, kwa adabu, kama anavyopigiwa mgeni aliyemaliza kuhutubia. Felicitas akabaki na kalamu hewani.

Ofisini alilifungua faili la kiwanda kile. Taarifa zilikuwa tano. Mbili za mwanzo zilisainiwa na Rutaihwa, tatu na yeye mwenyewe. Zote zilikuwa na sentensi moja, kama zilipigwa muhuri: Wafanyakazi wamehojiwa, hawana malalamiko. Alikaa akaitazama saini yake. Aliifanyia mazoezi saini ile chuoni, ile B yake yenye mkia. Leo ilimkera.

Jioni, jua bado liko juu ya migomba, alimkuta mama yake uani ameketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, anamenya ndizi. Felicitas akamsalimu, akachuchumaa, akachukua kisu cha pili. Akamsimulia yote: bati, kitambaa, Lilian, na wale wanawake sitini na wanne waliomwambia hatuna.

"Nimemtoa meneja, mama. Nimewapa nafasi. Nimewaeleza sheria yote. Wananiogopa nini?"

Kokugonza aliendelea kumenya. "Uliwauliza ukiwa umeketi?"

"Nitaketi vipi mbele ya watu sitini na wanne?"

"Basi ulisimama."

"Nilisimama."

Mama yake akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mawe, mama yangu! Huyu mtoto nimemzaa mimi, nimemlea hapa hapa, chuo kimemrudisha kama mgeni. Feli, mtu akisimama mlangoni kwako maana yake nini?"

"Anapita."

"Anapita. Na anayepita unamwambiaje?"

Felicitas alilijua jibu tangu utotoni. Anayepita unamwambia tuko salama, waitu, nenda salama. Hata kama ndani kuna mgonjwa. Huwezi kumbebesha mtu wa njiani mizigo ya nyumba yako, ni kujiaibisha wewe na kumchelewesha yeye. Aliyeketi ndiye unayemletea akamwani, ile kahawa ya kutafuna inayochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa. Akishatafuna ndipo mnaulizana habari. Na hata hapo habari ya kweli haitoki kwanza.

"Siku zangu walikuja wakaguzi mara saba," Kokugonza alisema, sasa hacheki. "Watu wazuri. Wanasimama, wanauliza. Mara zote nilijibu sina. Wewe ulikuwa nje na bibi yako. Nilikuwa naisikia sauti yako ukilia, katikati ya kelele za mashine zile naitambua, na mdomo wangu unasema sina."

Felicitas alimtazama mama yake, na mama yake akatazama ndizi.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa hujaniuliza," alisema Kokugonza. "Leta sufuria."

Asubuhi ya Jumatano, kabla ya saa moja, Felicitas alikuwa getini Muleba. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga kigoda cha mama yake. Mlinzi alikitazama, akamtazama yeye, akampisha. Wanawake walipoanza kuingia naye akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye sakafu ya kuchambulia, akakiweka kigoda katikati yao, akaketi, akavuta ungo.

Mutembei alikuja mbio. "Afisa Felicitas! Viti vipo ofisini, jamani. Vya kuzunguka."

"Ahsante, Bwana Mutembei. Nakagua."

"Unakagua nini hapo chini?"

"Kazi," alisema Felicitas. "Nikiwa nayo mkononi nitaijua vizuri zaidi."

Hakuna sheria inayomkataza afisa kazi kuketi. Mutembei aliwaza kidogo, akarudi ofisini.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyesema naye. Walichambua kimya, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko makofi ya jana. Felicitas hakuuliza kitu. Vidole vyake vilikuwa vinakumbuka taratibu: nyeusi huku, iliyovunjika huku, iliyotobolewa na mdudu huku. Halafu sauti ikatoka nyuma yake.

"Afisa anatupitishia nyeusi!"

Ilikuwa sauti ya Immakulata, mchambuaji mkongwe kuliko wote pale, mwenye kijikapu kidogo kiunoni. Aliinama juu ya ungo wa Felicitas, akachomoa punje moja mbaya, akaionyesha kwa wote. "Hii ikifika Ulaya watasema Wahaya vipofu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, mkono wa kalamu huo."

"Mama yangu ni Kokugonza wa Kagondo," Felicitas alijibu bila kuinua kichwa. "Amechambua miaka ishirini na miwili. Mkimwambia nimepitisha nyeusi, leo silali ndani."

"Kokugonza yule mrefu?" Immakulata alishika kiuno. "Mwenye pengo hapa? Mawe! Tulifanya naye kazi kule Bukoba, mimi bado msichana. Wewe ndiye yule mtoto wa kulia?"

Sasa kicheko kikawa cha nyumbani. Immakulata akafungua kijikapu chake, akamwekea kiganjani punje tatu za akamwani.

Felicitas akasita. Afisa haruhusiwi kupokea kitu mahali anapokagua, na yeye hakuwahi kupokea hata soda. Lakini alijua punje zile ni nini, na alijua kwamba akizirudisha amesimama tena, hata kama ameketi. Akazitia mdomoni. Kisha akatoa daftari na kuandika huku akisoma kwa sauti: "Saa mbili na dakika ishirini. Nimepokea punje tatu za kahawa ya kutafuna kutoka kwa wachambuaji. Nimezitafuna."

"Ameandika!" walipiga kelele. "Andika na kwamba zilikuwa tamu!"

Akaandika na hilo.

Baada ya hapo hakuuliza. Walianza wenyewe, tena si kwa kumwambia yeye. Waliambizana wao kwa wao kwa Kihaya, na yeye yuko katikati kama mtu wa nyumbani. Geti. Maziwa yanayoganda kifuani mpaka homa. Mtoto wa fulani aliyeachishwa akiwa na miezi miwili kwa sababu bibi yake anaishi mbali na hakuna wa kumleta kwenye bati. Aliyetoka siku moja mtoto akiwa na degedege, kesho yake akakuta nafasi yake ina mtu. Vestina alikuwa ameketi mkono wa kushoto wa Felicitas. Alisema polepole, macho yako kwenye ungo:

"Jana nilikudanganya, dada."

"Hukunidanganya. Nilikuwa napita."

Vestina akatabasamu kidogo tu. "Mama mkwe ameniambia ulisimama pale kwenye bati. Kile kitambaa sikukiweka mimi. Nilikikuta. Nilikikaza mara moja tu."

Felicitas alihitaji idadi, na kila alipofungua ukurasa wa majina aliona mabega yanapanda. Immakulata ndiye aliyepata njia. Alitandika kanga yake mbele ya kigoda. "Anayenyonyesha aje aweke punje moja nzuri hapa. Jina abaki nalo."

Wakaja mmoja mmoja, wakiinama kama wanaopeleka sadaka. Felicitas akazihesabu mbele yao, wao wakihesabu naye. Kumi na moja.

Mchana aliingia ofisini kwa Mutembei na kumkabidhi amri ya utekelezaji, aliyoiandika kwa mkono. Mama anayenyonyesha aruhusiwe kutoka kumnyonyesha mtoto kwa jumla ya hadi saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi. Pawe na mahali pa kuketi. Kiwanda kipewe wiki tatu.

Mutembei aliisoma mara mbili. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa faili lake, akaweka mezani karatasi tano.

"Hizi ni nakala mlizotuachia," alisema. "Hawana malalamiko, hawana malalamiko, hawana malalamiko. Mimi nimeendesha kiwanda kwa kuamini maneno ya serikali, afisa. Hii saini yenye mkia ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi ukipeleka hiyo ya leo Dodoma, mimi nitapeleka hizi. Tuone ipi ya uongo."

Aliendesha pikipiki kurudi Bukoba mvua ikimpiga, na hakusimama kuvaa koti. Mutembei alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma.

Rutaihwa alimsikiliza mpaka mwisho, tumbo limeegemea meza. "Feli, nisikilize kama mzazi. Andika ya leo. Andika kumi na moja, andika amri, vizuri kabisa. Ya nyuma yaache yalale. Ukianza kuandika kwamba taarifa zako mwenyewe hazikuwa sahihi, unajishtaki. Wewe bado kijana, una miaka thelathini mbele."

"Nikiyaacha, mkuu, mtu wa Dodoma ataona mwaka jana hakuna tatizo, mwaka huu kumi na moja. Atadhani limeanza juzi. Kile kitambaa kimechakaa."

"Kitambaa gani tena?"

Akamweleza. Rutaihwa aliondoa miwani, akaifuta kwa tai, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Alhamisi yote Felicitas aliandika. Kompyuta ilizima mara mbili umeme ulipokatika, akaandika upya. Ijumaa asubuhi akamsomea mkuu wake sehemu ya maoni, amesimama kwanza, halafu akakumbuka, akavuta kiti.

"Taarifa tatu za nyuma nilizosaini mimi kuhusu kiwanda hiki hazikuwa sahihi. Wafanyakazi hawakusema uongo. Niliwauliza nikiwa nimesimama mbele yao kama mpita njia, na kwa desturi za hapa mpita njia haelezwi matatizo ya nyumba. Mara hii nimeketi nao kazini kwa muda wa saa tano. Wanaonyonyesha ni kumi na moja, na wote hawapewi muda. Idadi imepatikana kwa punje za kahawa, ambazo nimezihifadhi ofisini ndani ya bahasha."

Nje mtu alikuwa anauza senene wakavu, anaita bei.

"Umeandika taarifa tatu," alisema Rutaihwa.

"Ndiyo, mkuu. Nilizosaini mimi."

"Andika tano." Akavuta ile karatasi kwake, akachomoa kalamu. "Mbili za mwanzo nilisaini mimi, na nilisimama karibu na gari ili nisilowe. Weka na jina langu. Ukitaka kuelewana na Dodoma, ufike na mtu mnene."

Ikatumwa saa saba mchana.

Jumatano iliyofuata simu ya ofisi ililia. Alikuwa mama mmoja wa wizarani, sauti ya mtu mwenye makaratasi mengi mbele yake. Felicitas alishika ukingo wa meza.

"Wewe ndiye Felicitas Byabato? Kiwanda kimetuandikia, kimeambatanisha taarifa zenu za zamani."

"Ndiyo, mama. Ni zetu."

"Nimeona mmekwisha kusema wenyewe. Hilo tumelifunga, amri yako inasimama." Karatasi zikapinduliwa. "Nina swali moja. Hizo punje kumi na moja bado unazo?"

"Ninazo."

"Usizitupe. Na uniandikie nusu ukurasa, namna ulivyoketi. Nina mikoa mingine hapa ambako kila kitu ni shwari mwaka wa sita huu."

Felicitas aliweka simu chini polepole. Rutaihwa, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha, alisema, "Ameuliza shwari ngapi?"

Wiki tatu zilipotimia alirudi kufuatilia, kigoda nyuma. Mlinzi alifungua geti kabla hajapiga honi. Kando ya ghala chumba cha magunia kilikuwa kimepigwa chokaa, ndani kuna mabenchi mawili na ndoo ya maji yenye koki. Mutembei alimtembeza mwenyewe, kalamu mbili mfukoni, akieleza habari za chokaa kama mtu aliyeiwaza tangu zamani, na Felicitas hakumkatiza. Aliandika: chumba kipo, mabenchi mawili, maji yapo.

Vestina alikuwa benchi la pili, Lilian kifuani, miguu ya mtoto inacheza. Mama mkwe wake aliketi pembeni na vitambaa mapajani, akisinzia, maana sasa hakuwa na pa kutembea. Felicitas alikiweka kigoda chini, akaketi. Vestina akachomoa kitu mfukoni mwa gauni, akampa. Kilikuwa kipande cha kitenge, kimepauka, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Na hiki nacho ukiandike," alisema.

Jioni Kagondo, Kokugonza alitaka asomewe taarifa yote, kurasa sita. Alisikiliza akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kigoda kilikuwa kimekaliwa na binti yake. Walipofika kwenye kumi na moja akamsimamisha.

"Rudia hapo."

Felicitas akarudia. Mama yake akapeleka mkono kwenye kijikapu cha akamwani, akachagua kwa vidole punje moja nzuri, akaishika kidogo, akamwekea binti yake kiganjani.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Ichanganye na zile za kwenye bahasha. Halafu endelea kusoma, bado sijasikia mahali ulipokitaja kigoda changu."